Naomba ushauri: kujua aina ya sifa za objekti programu ikiwa inafanya kazi (lugha ya PHP)
Wakuu, habari za leo. Nipo Kigoma, natengeneza programu ya kusajili mizigo ya dagaa wa Kibirizi. Klasi yangu Mzigo (kiolezo cha kuundia objekti) ina sifa tatu, yaani vigeu vya ndani yake: $kilo, $bei na $tarehe. Data inatoka faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma), kwa hiyo hata "12.5" inaingia kama maandishi. Nataka programu yenyewe itambue aina ya kila sifa (namba, maandishi n.k.), kisha igeuze thamani.

Nilianza na gettype(), lakini inaangalia thamani iliyomo tu. Sifa ikiwa na null, inarudisha "NULL". Nikahamia ReflectionProperty, klasi ya PHP inayosoma jinsi sifa ilivyotangazwa. Kwa $kilo, getType() yake inanipa float (namba yenye desimali), safi kabisa. Kwa $bei inarudisha null, maana imo kwenye sehemu ya msimbo niliyorithi, iliyoandikwa kabla ya PHP 7.4 kuruhusu sifa zitangazwe na aina, kwa hiyo sifa za sehemu hiyo hazina aina.

Je, nizitangaze aina zote upya, au nisome maelezo ya @var (komenti inayotaja aina ya sifa)? Naogopa kuvuruga hesabu za wachuuzi ambazo tayari zipo.