Baipasi ya EGR kwenye Discovery Td5, inasaidia kweli au nakamuliwa?

mnyalu_wa_td5:
Wakuu salama? Nina Land Rover Discovery 2 yenye injini ya dizeli ya Td5, ya 2003, gia za mkono, ilitokea Uingereza ikiwa imetumika, ninayo mwaka wa tatu sasa. Tambarare inaenda bila shida ila nikitoka Dar nikifika mlima Kitonga njia ya Iringa ni aibu tupu, gia ya pili, natembea nyuma ya malori na moshi mweusi nyuma kama tanuri la mkaa. Fundi wangu kafungua mpira mkubwa unaotoka intakula (kipoozeo cha hewa ya tabo) akanionyesha mdomo wa manifodi, pale hewa inapogawanywa kwenda kwenye silinda, jamani masizi yamechanganyika na oili yamekuwa kama ugali wa mtama, kidole kinazama. Anasema dawa ni kutoa valvu ya EGR nzima, ile inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini, tuweke bomba la baipasi la aluminiamu na upande wa ekzosi tuzibe na bati, gari irudi kama mpya. Aliyewahi kufanya naomba aniambie, taa itawaka? itachemsha? na nguvu inarudi kweli au ndo nakamuliwa hela

silinda5:
Mkuu nimefanya mbili, Defender na Disko kama yako, zote Td5. Taa haikuwaka hata moja, maana valvu ya Td5 inavutwa na vakyumu tu (mvuto wa hewa wa pampu) na haina sensa ya kuiambia kontroli boksi imefunguka kiasi gani. Kuchemsha hapana. Kazi ya EGR ni kurudisha moshi kidogo kwenye hewa inayoingia ili moto ndani ya silinda upoe, zile gesi chafu za oksidi za naitrojeni zipungue, haihusiki na kulinda injini yako. Tatizo moshi una masizi, na ile hewa ina mvuke wa oili kutoka kwenye injini, vikikutana ndo unapata huo ugali. Td5 nyingine zilizouzwa nchi ambazo sheria hazikuwa kali zilitoka kiwandani bila EGR kabisa na zinadunda mpaka leo.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja ila kuna sehemu za kuangalia. Bolti za lile bomba kwenye manifodi ya ekzosi ni za alen (zinafunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita unaoingia ndani ya kichwa) na zimeungua miaka 20, zipulizie mafuta ya kulegezea jana yake, usiingie na hasira. Ukiwa hapo angalia na stadi (bolti zisizo na kichwa) za manifodi yenyewe, Td5 manifodi hupinda na kukata stadi za pembeni, ukisikia mlio wa tik tik injini ikiwa baridi ndo hizo. Ya 2003 inaweza kuwa na kile kipoozeo cha EGR mbele ya hedi, kinapitisha maji ya rejeta, ukikitoa lazima uunganishe mipira yake ya maji na utoe upepo vizuri, hapa ndo watu wanachemsha halafu wanalaumu baipasi. Na ule mpira mwembamba wa vakyumu unaokwenda kwenye valvu USIUACHE WAZI, vakyumu yake ni ileile ya servo ya breki, inayolainisha pedali.

kopo_la_soda:
baipasi ya nini hela yote hiyo, kata kipande cha kopo la soda weka katikati ya gasketi kwenye bomba la ekzosi funga, mi nilifanya mwaka juzi dakika 20

silinda5:
@kopo_la_soda na leo kipo? Kopo ni aluminiamu, inayeyuka kwenye digrii 660, na ekzosi ya dizeli ikipanda mlima na mzigo inafika huko na kupita. Weka chuma cha pua, milimita 2 au 3.

mama_wa_gereji:
Naomba niwapoze kidogo kaka zangu. Huyu analalamika moshi MWEUSI na kukosa nguvu mlimani. Moshi mweusi ni dizeli nyingi hewa kidogo. EGR iliyokwama wazi inaweza kufanya hivyo, sikatai, lakini mimi kwenye Td5 naanza na mipira ya intakula, huwa inachanika kwa chini ambapo huoni, tabo inapuliza hewa inatokea njiani. Halafu sensa ya hewa, chomoa soketi yake endesha kidogo, gari ikibadilika umeshampata mwizi. Vyote hivyo ni bure kabla hujanunua bomba. Na ukiweka baipasi bila kuosha manifodi umeziba bomba la choo ukaacha uchafu ndani ya nyumba.

Na wenye Mazda CX-5 za dizeli mnaosoma hapa msije mkaiga, zile zina chujio la masizi kwenye ekzosi na kompyuta inafuatilia EGR kila dakika, ukiziba taa inawaka na gari inagoma kuvuta.

mnyalu_wa_td5:
Narudi na mrejesho wiki mbili baadaye. Dada @mama_wa_gereji Mungu akubariki, mpira wa chini wa intakula ulikuwa na mpasuko wa vidole vitatu, umejificha chini ya klipu umelowa oili. Tumebadilisha huo tu kwanza, moshi umepungua nusu na zaidi. Halafu tukashusha manifodi, mafuta ya taa na brashi ya waya masaa matatu, yaliyotoka humo ungepaka lami barabara ya mtaani kwetu. Baipasi nimeweka pia maana manifodi ilishakuwa chini, bolti moja ya alen ilikatika tukaitoa kwa kuchomelea nati juu yake.

Sasa cha kuchekesha, natoka gereji nafika kona ya kwanza pedali ya breki ngumu kama jiwe. Nikakumbuka mpira wa vakyumu, fundi kauacha unaning'inia! Nimeuziba na bolti ndogo na klipu palepale barabarani, pedali ikalainika. Kitonga jumamosi nimepanda na gia ya tatu, moshi hata kwenye kioo siuoni. Injini asubuhi inachelewa kidogo kupata moto huku kwetu kwenye baridi, basi.

silinda5:
Valvu ya zamani usitupe, ioshe uweke stoo. Na ile bolti badilisha weka kizibo cha mpira.