Tableti ya kuchorea kwa kazi za picha, bajeti laki mbili: Wacom, Huion au XP-Pen?

Kistudio Mwanga
Habari zenu wakuu. Nina studio ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kazi zangu ni pasipoti saizi, harusi, na siku hizi watu wananiletea picha za zamani za wazazi wao, zimekunjika na kupauka, wanataka nizisafishe. Laptopu ni ya inchi 14, Windows 10, RAM 8, na programu ya kuhariri picha ni GIMP. Mausi imenichosha. Ukifuata ukingo wa mtandio au nywele, mstari unaruka tu. Nataka tableti ya kuanzia, yaani ile bodi unayoiunganisha na kompyuta na kuchorea kwa kalamu yake, isizidi laki mbili pamoja na nauli ya kifurushi kutoka Kariakoo. Nimechuja yamebaki majina matatu: One by Wacom ndogo, Huion H640P na XP-Pen Deco 01 V2. Hapa mjini sijaona duka lenye hata moja ya kujaribu kwa mkono, kwa hiyo naagiza kwa kuamini maneno yenu.

Binti Unyanyembe
Kaka, mimi niko Tabora, naitumia H640P kwa kazi hizohizo za harusi. Namba za kwenye boksi zisikuzuzue. Wacom hiyo ina viwango 2048 vya mgandamizo, yaani hatua za kutambua umeikandamiza kalamu kiasi gani, hizo nyingine mbili 8192. Kwenye kusafisha uso wa bibi harusi mkono wako hautajua tofauti. Utakachokihisi ni vitufe. H640P ina sita pembeni. Kimoja nimekipa kazi ya kutengua, viwili kukuza na kupunguza brashi, basi mkono wa kushoto hauendi kwenye kibodi. One by Wacom haina kitufe kwenye bodi, ina viwili vya kwenye kalamu tu. Eneo la kuchorea ni karibu sawa: Wacom milimita 152 kwa 95, Huion 160 kwa 100. Zote tatu kalamu zake hazitumii betri wala hazichajiwi.

Mzee wa Kibirizi
Vijana mnapenda kununua. Laki mbili hiyo si aongeze taa ya studio? Pasipoti saizi unakata kwa mausi na mteja anaondoka ameridhika. Simu nayo ina Snapseed, programu ya kuhariri picha, bure.

Binti Unyanyembe
Shikamoo mzee. Kwa pasipoti nakubaliana na wewe kabisa. Ila hizo picha za zamani ni habari nyingine. Chukua picha ya babu yenye mkunjo uliopita katikati ya shavu hadi kwenye kola ya shati. Kwenye shavu unatumia zana ya kuponya, Heal, unachukua ngozi nzuri ya jirani na kupaka juu ya mkunjo. Ukifika pale shavu linapokutana na kola, Heal inaanza kuchafua, inavuta weupe wa shati kuupeleka kwenye ngozi. Hapo unahamia Clone, zana inayonakili sehemu ya picha kama ilivyo, brashi ndogo, unagusa kidogo kidogo. Mausi inapaka kwa nguvu ileile kila ukibofya, mpaka uende kushusha opasiti, yaani ukolevu wa brashi, kwa mkono. Kalamu ukiigusisha tu inapaka kwa wepesi, ukikaza inakolea. Kazi yote iko hapo.

Na kwenye harusi pia. Kivuli cha chini ya macho ukikipandisha polepole kwa kalamu, ngozi inabaki na rangi yake. Kuna studio zinapausha watu nyuso mpaka shingo inaonekana ya mtu mwingine.

Mzee wa Kibirizi
Marahaba mwanangu. Hilo la kupausha watu nimeliona sana.

Reli ya Kati
Mkuu, mimi ningesema Deco 01 V2, kwa sababu ya nafasi. Ni milimita 254 kwa 159, vitufe vinane, na inasoma hata kalamu ikilala. Mkono unatembea kutoka begani, huchoki kifundo. Bei yake ndiyo inapanda, uliza kwanza kama laki mbili inatosha hadi Kigoma.

Fundi wa Gungu
Kwa mchoraji, sawa. Kwa anayesafisha picha kwenye laptopu ya inchi 14, sioni haja. Tableti inashika skrini nzima: kona ya bodi ni kona ya skrini. Kwenye bodi kubwa mkono unasafiri mbali kufika palepale, na meza ya studio ina printa, kikata karatasi, na soda ya mteja. Ndogo inakuwa shida ukiunganisha monita kubwa, maana ukisogea kidogo kishale kinaruka mbali.

Jambo ambalo hamjalisema ni draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua tableti. Ipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na kama uliwahi kuweka ya tableti nyingine, itoe kwanza, zinagombana. Bodi hizi zina uwiano wa 16 kwa 10, laptopu nyingi ni 16 kwa 9, kwa hiyo ukichora duara linatoka limebonyea. Kwenye draiva kuna sehemu ya kulazimisha uwiano, iwashe. Kwenye GIMP nenda Edit, kisha Input Devices, chagua kalamu yako na uiweke Screen, la sivyo mgandamizo unaweza usifanye kazi kabisa ukadhani umeuziwa bovu. Windows nayo ina tabia ya kuleta kiduara ukikandamiza kalamu muda mrefu, inadhani unataka kubofya kulia. Hiyo inazimwa kwenye Control Panel, sehemu ya Pen and Touch.

Kijana wa Ujiji
Na mimi asiye na laptopu? Naeditia simu ya Android.

Fundi wa Gungu
Tafuta Gaomon S620, inaunganishwa na simu kwa OTG, kile kiunganishi cha kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu. Vitufe vinne, viwango 8192. Simu ikisimama wima eneo la kufanyia kazi linapungua sana, ilaze.

Reli ya Kati
Nyongeza kwa wanaowinda mtumba: tableti bila kalamu yake usiiguse hata kwa elfu kumi. Kalamu ya Huion haiandiki kwenye Wacom. Na uliza modeli, kwa mfano Huion H420 ya zamani kalamu yake inakula betri ya AAA.

Kistudio Mwanga
Nimewaelewa. Deco nimeiacha, meza yangu ni hiyohiyo aliyoisema fundi. Kati ya Wacom na Huion naenda H640P kwa ajili ya vitufe, njia za mkato za kibodi sijawahi kuzikariri. Dada wa Tabora, ncha za kalamu zinadumu?

Binti Unyanyembe
Inategemea unavyokandamiza. Kwenye boksi zinakuja za akiba na kitu cha kuzing'olea, hakikisha vimo kabla muuzaji hajafunga kifurushi. Ncha ikilika upande mmoja ikawa kali kama patasi, ibadilishe siku hiyohiyo, inakwaruza bodi.