Hamisi na mahame ya Dudleytown

*UKOO WA PONGWE 🌴*

*Hamisi (New Haven, Marekani):* Shikamooni wakubwa. Jumamosi mimi na wenzangu wa kazini tunakwenda kuona kijiji kilicholaaniwa. Kinaitwa Dudleytown, hukuhuku Connecticut.

*Shangazi Mwanaidi:* Marahaba. Kimelaaniwa na nani?

*Hamisi:* Ni laana ya ukoo wa Dudley. Babu yao Edmund alikatwa kichwa Uingereza mwaka 1510, enzi za Mfalme Henry wa Nane. Eti laana ikavuka bahari na wajukuu. Wakahamia hapo miaka ya 1740, bado ni koloni la Mwingereza. Watu wakarukwa na akili, wengine wakafa vifo vya ajabu, mwisho pakabaki tupu. Sasa ni msitu na misingi ya mawe. Wanasema hata ndege hawalii.

*Shangazi Mwanaidi:* Kwa hiyo kodi ya nyumba umelipa, hela ikabaki ya mafuta ya kufuata mashetani?

*Zuhura:* 😂😂😂 Tutumie video!

*Shangazi Mwanaidi:* Zuhura nyamaza.

*Baba Mdogo:* Hamisi, hakuna aliyethibitisha kwamba hao Dudley wa kijijini ni kizazi cha Edmund. Majina tu yamefanana. Pale ni mlimani, udongo mawe matupu, vilima vinakinga jua. Mali yao ilikuwa miti. Wakaikata kuchoma mkaa wa matanuri ya chuma ya jirani. Miti ikaisha, chuma cha kwingine kikawa rahisi zaidi, vijana wakafuata mashamba mazuri magharibi. Njaa hiyo, laana iko wapi?

*Hamisi:* Na mke wa Horace Greeley, yule mgombea urais? Wanasema alizaliwa hapo, akajiua wiki moja kabla ya uchaguzi wa 1872.

*Baba Mdogo:* Mary Cheney kazaliwa Litchfield, na aliugua muda mrefu. Kufa siku chache kabla ya kura ni kweli. Ndiyo kazi yao hiyo, wanachukua maiti ya mji wa jirani wanaizika kwenye hadithi yao.

*Hamisi:* Lakini Ed Warren na mkewe Lorraine, wale wawindaji wa mizimu, walifika wakasema pana mashetani.

*Baba Mdogo:* Mwindaji atasema porini hamna nyama?

*Mwajuma:* Nimemsomea Bibi. Anasema mahame hayachezewi, hata kama waliohama walifuata shamba. Kama lazima uingie, upige hodi.

*Zuhura:* Bibi huyohuyo aliyetuambia mapango ya Amboni yanatokea Mombasa 🤣

*Mwajuma:* Amekusikia. Anasema pilau la Idi usihesabiwe.

*Zuhura:* Bibi nisamehe jamani 😭

*Baba Mdogo:* Halafu msitu ule una wenyewe. Dark Entry Forest, chama cha tangu 1924. Mwaka 1999 ilitoka filamu moja ya kutisha, vijana wakafurika huko usiku na pombe zao. Sasa wageni ni marufuku, na ukikutwa unaandikiwa faini.

*Hamisi:* Mwenzangu anasema tukiingia saa tisa usiku hatuonwi.

*Shangazi Mwanaidi:* HAMISI!! Karatasi zako bado ziko uhamiaji. Ukutwe saa tisa usiku kwenye msitu wa watu, tochi mkononi, utamwambia nini askari? Umekuja kuwasalimia marehemu?

*Zuhura:* Shangazi kamaliza 🙌

*Hamisi:* Basi shangazi, yaishe. Tutashika barabara namba 7 tuone maporomoko ya Kent, na lile daraja la mbao lenye paa la West Cornwall.

*Shangazi Mwanaidi:* Daraja lina paa? La nini?

*Hamisi:* Mvua na theluji zisiozeshe mbao.

*Shangazi Mwanaidi:* Eeh, hayo ndiyo mambo ya kupigia picha. Na mchango wa mahari ya Juma, jina lako bado halina tiki.

*Hamisi:* Mwisho wa mwezi shangazi, inshallah.