Tupeane uzoefu: kuoanisha sabufa na ampu, wati na omu. Wa Mtwara na Lindi yamewakuta yapi?

Habari za jioni wakuu. Huku kwetu korosho zikishalipwa kila mwenye gari anafunga mziki, halafu miezi miwili mitatu mbele sabufa zile zile, yaani spika za besi, zinarudi kwa mafundi koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) zimeungua. Inauma kwa sababu hela ya shamba haiji mara mbili kwa mwaka. Naomba tuweke hapa yaliyotukuta wenyewe, aliyeunguza aseme ilikuwaje, aliyefanikiwa aseme aliunga vipi. Naanza mimi.

Nipo Mtwara mjini, natumia Probox. Nilinunua sabufa moja ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4 kila moja (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), RMS 500 (wati za mfululizo, sio za kilele), na ampu, yaani amplifaya, ya chaneli mbili ambayo kwenye boksi imeandikwa wati 1500 kwa maandishi makubwa, nikaona zinatosha na zinabaki. Fundi akaunga koili paraleli (sambamba) zikawa omu 2 halafu akabriji ampu, yaani akaunganisha chaneli zote mbili zipige sabufa moja. Tunaelekea Mikindani ikapiga kama dakika 20, taa nyekundu, kimya. Ikipoa inarudi, nyimbo mbili, kimya tena, nami nikawa nasema ni joto la huku, wiki nzima hivyo hivyo mpaka ikatoa moshi. Ndo nikafungua kile kitabu chake. Imeandikwa ukibriji mwisho omu 4, isishuke hapo! Kumbe ukibriji, kila chaneli inaona nusu ya mzigo, kwahiyo ile omu 2 yangu kila upande ulikuwa unaibeba kama omu 1. Na ile 1500 ni maksi tu, RMS yake kwa omu 4 ni 380. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sabufa ile isingenipa omu 4 hata iungwe vipi, maana koili mbili za omu 4 zinakupa 2 au 8, hakuna 4 hapo. Ningechukua ya koili za omu 2 nikaunga sirizi (moja nyuma ya nyingine) ningepata 4 yangu safi. Karibuni.

Masasi:
Pole sana mkuu. Mimi vyangu vilikuwa vinaendana kabisa, ampu RMS 250 kwa omu 4, sabufa RMS 250 omu 4, na bado niliunguza. Nilikuwa naona geini (kile kitufe cha kuilinganisha ampu na redio) ni kama voliumu, nikaizungusha mpaka mwisho na besi busti (ya kuongeza besi) juu, safari ya kwenda Tandahimba kwenye harusi ya binamu yangu. Tulipofika sabufa inanuka, ukisukuma koni kwa vidole inakwaruza. Ampu ikizidishiwa sauti mawimbi yanakatwa kichwa, na wimbi lililokatwa linaweza kubeba nguvu karibu mara mbili ya ile ampu iliyoandikiwa, koili inageuka pasi. Siku hizi naset na mita. Nachomoa sabufa, besi busti sifuri, redio robo tatu, napiga toni ya hezi 50 halafu napima volti za AC kwenye tundu za spika. Hesabu yake RMS mara omu, tafuta kipeo cha pili: 250 mara 4 ni 1000, kipeo chake 31.6. Geini ikifika volti 31 naacha hapo hapo, siigusi tena. Sabufa ya pili ina misimu mitatu.

Nachingwea:
Jamani msisahau umeme unakotoka. Mimi dada yenu nina Noah, niliambiwa omu 1 ndo inatoa moto, na kweli ampu yangu ya mono (chaneli moja) inatoa RMS 1000 kwa omu 1, sabufa ina koili mbili za omu 2 zikaungwa paraleli. Usiku besi ikigonga taa za mbele zinafifia, volti zinashuka mpaka 11, na kishikio cha fyuzi kikayeyuka kabisa. Wati 1000 kwa ampu ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) ukihesabu na zinazopotea ni kama 1250, gawa kwa 13.8 unapata ampea 90, na alteneta yangu imeandikwa 80, hapo bado taa na feni. Waya nao nilioambiwa ni kopa ulikuwa aluminiamu iliyopakwa kopa juu, ukiukwangua kwa kisu unaona weupe. Nikaunga koili sirizi ikawa omu 4, ampu inatoa 350, inakula ampea kama 32. Sauti imepungua ndiyo, lakini sio kwa mara tatu kama namba zinavyotisha, maana ukidabo wati unaongeza desibeli 3 tu. Na fyuzi iwe pale karibu na betri, sio huku kwenye ampu, waya ukichunika njiani ndo unachoma gari.

Lindi mjini:
Kwa tunaokaa pwani, ethi, yaani waya wa ampu unaofungwa kwenye bodi ya gari! Ampu yangu ilikuwa inajizima, nikailaumu sabufa, kumbe bolti ya ethi imeshika kutu ya chumvi. Nilikwangua rangi mpaka bati likang'aa, nikakaza, nikapaka grisi. Tatizo likaisha.

Kilwa Masoko:
Shikamooni kaka zangu, shikamoo dada. Mimi nina sabufa mbili za koili mbili za omu 4, ampu mono mwisho omu 2. Nataka nipate omu 2 kamili, naungaje?

Mtwara, mleta mada:
Marahaba mdogo wangu. Koili nne za omu 4 zinakupa 1, 4 au 16, 2 haipo. Ya 1 usiguse, ampu yako itakufa kama yangu. Unga koili za kila sabufa sirizi ziwe 8, halafu sabufa mbili paraleli, unapata 4. Pima kabla hujawasha.

Kilwa Masoko:
Nimeunga, mita inasoma 3.4. Nimekosea?

Masasi:
Hujakosea mdogo wangu, mita inapima waya wa koili ukiwa umetulia, huwa inasoma chini kidogo ya ile iliyoandikwa. Ingesoma 0.9 ndo ningekwambia chomoa haraka. Washa.

Kilwa Masoko:
Inapiga saa ya pili sasa, ampu ni vuguvugu tu.