SEAWAT, MODFLOW 6 au hesabu ya mkono: ipi inafaa kwa visima vya pwani Dar?

mchimbaji_mpya
Wakuu, heshima kwenu. Natengeneza modeli ya maji ya bahari kuingia kwenye visima, Msasani hadi Mbezi Beach. Kwenye programu za kompyuta za maji ya ardhini, msimamizi wangu anataka SEAWAT, wenzangu wanasifia FEFLOW, mfukoni sina kitu na laptopu ni RAM 8. Nishike ipi?

Mzee wa Pampu
Anza na karatasi, kijana. Kanuni ya Ghyben na Herzberg ina zaidi ya miaka 100: densiti ya maji ya bahari ni kama 1.025, ya maji matamu 1.000. Kwa hiyo mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari inabeba mita 40 chini yake. Sasa igeuze: ukivuta maji yakashuka nusu mita, chumvi inatafuta kupanda mita 20. Dakika tano, bila laptopu.

BintiKurasini
Shikamoo mzee. Hesabu hiyo naipenda, ila inachukulia maji yametulia na mpaka wa chumvi na maji matamu umekatwa kwa kisu. Niliwahi kushinda kwenye kisima kimoja Mikocheni na kipima chumvi. Ndoo ya kwanza, maji ya kunywa kabisa. Yalipojazwa maboza matatu mfululizo, sabuni ikagoma kutoa povu. Kesho yake alfajiri, pampu imelala usiku kucha, maji yamerudi karibu na mwanzo. Chumvi ile ilikuwa inapanda kutoka chini ya kisima, si kutembea kutoka ufukweni. Hapo unahitaji modeli inayojua muda na maji yaliyochanganyika.

SEAWAT inaunganisha MODFLOW (mwendo wa maji) na MT3DMS (usafiri wa chumvi ndani ya maji), ni ya bure, mifano yake imejaa mtandaoni. Mimi ningeshika MODFLOW 6: densiti imo humohumo, na gridi, yaani vile visanduku (seli) vinavyogawa ardhi, unaibana kuzunguka kisima tu. FEFLOW nzuri, leseni ndiyo itakutoa jasho.

seli_ndogo
Naunga mkono, ila angalia unene wa seli. Ukiweka mita 10 kwenda chini, modeli inajitawanyia chumvi yenyewe na wewe unaandika ripoti kwamba ni bahari. Chora mkato mmoja wima kutoka baharini kwenda bara, jipime kwanza na tatizo la Henry la 1964, mfano maarufu wa kujaribia modeli za chumvi. RAM 8 inatosha. Na usisahau udongo wa mfinyanzi kati ya mchanga wa juu na wa chini. Wengi wanaufuta ili modeli ikimbie.

Mzee wa Pampu
Marahaba binti, umenishika. Lakini nani atampa huyu kijana kiasi kinachovutwa? Baada ya ukame wa 1997 mji ulitobolewa visima kila kona, vingi havina mita za kupimia maji. Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu wanatoa vibali vya kuvuta maji, sawa. Kibali kinaandika kilichoruhusiwa. Pampu haisomi kibali.

mchimbaji_mpya
Basi naanza na MODFLOW 6, mkato mmoja, na karatasi ya mzee pembeni. Ila wauza maji nitawapimaje bila kufukuzwa getini?

Mzee wa Pampu
Kuna kibanda cha chipsi mbele ya kila geti la namna hiyo. Agiza chipsi mayai, hesabu maboza yanayotoka. Lita zimeandikwa ubavuni.

BintiKurasini
😂 Na uende mwisho wa mwezi wa kwanza, kabla ya masika. Mvua ikianza wateja wanapungua.