Tulilipia safari ya Loiyangalani, tukaingizwa jangwa la Chalbi na gari moja na lita 48 za maji

Wadau, nimerudi Nairobi siku nne zilizopita. Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Ilikuwa safari ya Pasaka, siku tano, Alhamisi hadi Jumatatu. Nairobi, Marsabit, Maikona, Kalacha, North Horr, Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, halafu kurudi kupitia Laisamis. Abiria tisa, kila mmoja shilingi 38,000. Sitaji jina la aliyetupeleka, anajijua. Kwa maandishi alituahidi magari mawili, tairi mbili za akiba kwa kila gari, mwenyeji wa Marsabit wa kutuonyesha njia, mahema na maji ya kunywa. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri likaja gari moja. Land Cruiser moja, watu tisa na dereva, mizigo imefungwa juu ya keria. Mwenye safari mwenyewe hakuja. Alituma ujumbe kwamba gari la pili litatukuta Marsabit. Hatukuliona Marsabit wala kwingineko.

Nilikuwa na shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia, miaka 64, ana presha. Alisoma shule ya msingi ziwa lile likiitwa Rudolf, na baada ya jina kubadilishwa mwaka 1975 akaja kufundisha watoto wa watu likiitwa Turkana. Amelichora ubaoni miaka 31 bila kulitia machoni. Nilimlipia mimi. Ndiyo maana jambo hili limeniuma kuliko hela.

Tulipolala Marsabit nilihesabu maji. Katoni nne, kila katoni chupa 24 za nusu lita. Lita 48, watu kumi, siku tano. Haifiki lita moja kwa mtu kwa siku, na tunaelekea mahali ambapo hata anayekaa kivulini anahitaji lita nne au tano. Rejeta ya gari hapo sijaigusa. Nikampigia simu mwenye safari kabla mtandao haujatutoka. Akanijibu, "Dada, huko mnakoenda ni oasisi, maji yako tele."

Jibu hilo ndilo lililonikalisha chini niandike. Ndiyo, Kalacha kuna chemchemi na mikoma imesimama pale, na ngamia wanakuja kunywa kwa mamia. Loiyangalani vilevile, na kwa Kisamburu jina lenyewe wanasema ni mahali penye miti mingi. Lakini kati ya chemchemi moja na nyingine unasafiri saa nyingi bila kuona tone, na gari likikufia katikati, maji ya Kalacha hayatakufuata. Halafu maji yale yana wenyewe. Wafugaji wananywesha kwa zamu, na zamu zinasimamiwa na wazee. Huwezi kuwapanga watu tisa kutoka mjini juu ya maji ya mbuzi wa mtu ambaye hujamwomba. Na asije mtu kuniambia kuna ziwa. Turkana ndilo ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote jangwani, kweli, ila maji yake ni ya magadi na yamejaa floraidi. Si ya kujazia chupa.

Abiria tukachanga wenyewe, tukanunua mitungi miwili ya lita 20. Dereva alilalamika kuwa gari limezidi uzito. Simlaumu sana. Ni kijana, alitumwa, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kupita Marsabit. Alituambia hivyo mwenyewe tukiwa tumeshafika Maikona.

Sasa tarehe. Pasaka ya mwaka huu iliangukia Aprili, na Aprili kule ni masika. Aliyepanga alitazama kalenda ya likizo tu. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Kiangazi inakauka ikawa ngumu kama saruji, lori linapita. Mvua ikinyesha, juu linabaki ganda jeupe la chumvi linalodanganya macho na chini ni tope tupu. Wenyeji wakati huo wanazunguka pembeni. Mwongoza njia tuliyemlipia angetuambia hivyo kwa sentensi moja. Dereva alifuata mstari wa kwenye simu, ukamkata katikati.

Jumamosi saa nne asubuhi gari likazama hadi ekseli. Tulitafuta koleo, hakuna. Mbao za kutia chini ya magurudumu, hakuna. Kamba ya kuvutia ilikuwepo, ila ya kuvutwa na nani, ikiwa gari la pili lilibaki kwenye maandishi? Jeki iliwekwa juu ya tope ikamezwa yenyewe. Tulichimba kwa sahani za plastiki za kulia chakula. Kila dereva alipokanyaga mafuta gari lilizidi kushuka, mwisho rejeta ikachemka, ikanywa lita kumi za maji yetu. Tukapanda kuteremsha mtungi wa pili, tukaukuta umetoboka kwa kusuguana na chuma cha keria. Simu haina mtandao na simu ya setilaiti haikuwepo. Hakuna aliyejua tuko wapi, kwa sababu hatukuwa tumeripoti kituo chochote cha polisi, wala hakuna aliyekuwa ameuliza Marsabit kama njia ile ni salama wiki ile.

Tulilala pale. Usiku shangazi alimeza dawa yake kwa mafunda mawili ya maji. Alisema hana kiu. Namjua, alikuwa anawaachia vijana.

Jumapili kukipambazuka alikuja mama mmoja wa Kigabra, wafugaji wa kule, na vijana wawili na ngamia wao. Ubavuni mwa ngamia mmoja ulining'inia mtungi wa njano, mdomo umezibwa kwa mfuko wa nailoni na kufungwa kamba. Mama alitutazama wote, akaenda moja kwa moja kwa shangazi. Akamketisha kwenye kivuli cha ngamia, akafungua ile kamba taratibu, akamimina kwenye kikombe chake. Kijana mkubwa akatutafsiria: "Mama anasema bibi huyu anywe kwanza." Shangazi alipokea kikombe kwa mikono miwili, akashindwa kusema kitu.

Vijana wale ndio waliotutoa. Walituamuru tushushe kila kitu, abiria na mizigo, wakampunguzisha dereva upepo wa tairi zote nne, wakakataza kabisa kwenda mbele. Gari likasukumwa kinyumenyume juu ya nyayo zake lenyewe, kidogo kidogo, zaidi ya saa mbili. Kisha mmoja akapanda nasi kutuonyesha njia ya pembeni hadi North Horr. Tulimlipa sisi, kutoka mifukoni mwetu. Kazi hiyo tulikuwa tumeshailipia Nairobi.

Baada ya North Horr ni mawe meusi ya volkano, makali, yamemwagika hadi ziwani. Pale tairi halitoboki, linachanika ubavu kama limekatwa kisu, na ubavu hauzibwi kwa kiraka. Letu lilichanika jioni ile ile. Tairi la akiba likashushwa, moja, si mawili. Lilikuwa kipara. Nilipitisha kidole ubavuni waya ukanichoma. Nimepiga picha na ninazo. Mtu aliyekaa ofisini alilitazama tairi lile akaona linatosha kupeleka roho kumi. Tulitambaa nalo hadi Loiyangalani, tukafika saa tano usiku.

Mahema sitayaongelea sana. Upepo wa kule unabanwa kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru unashuka kwa nguvu usiku kucha. Ni upepo huo huo uliofanya mitambo 365 ya umeme isimamishwe Sarima, megawati 310, na huwezi kurudi kupitia Laisamis usiione. Tukapewa mahema ya vigingi vya plastiki. Mawili yalipasuka, tukalala garini na kwenye veranda ya mwenyeji aliyetuhurumia.

Jumatatu tulipelekwa kijiji cha Waelmolo, wavuvi wa ziwani, kama ilivyoandikwa kwenye ratiba. Wazee hawakuwa na habari zetu. Wakatueleza kwa upole kwamba mgeni hulipia kiingilio cha kijiji, dereva akasema hakupewa hela. Niliona aibu mbele ya wazee wale. Tukachanga tena. Siku tano zilikwisha zikiwa saba, maana tairi ilibidi litafutwe, na mafuta ya dizeli tuliyanunua ya pipa kwa bei ya muuzaji.

Jambo moja tu lilienda sawa, na halikupangwa na mtu. Alfajiri ile shangazi alitembea peke yake hadi majini, akasimama, mtandio unapigwa na upepo. Nilipomfikia akaniambia, "Kumbe ni la kijani hivi. Nilikuwa nalipaka chaki ya buluu."

Nilipodai turudishiwe hata nusu, nilijibiwa kwamba jangwani hakuna uhakika na kila mtu alijua anakoenda. Mimi sidai uhakika wa jangwa. Jangwa halikuniahidi kitu. Nadai gari la pili, tairi la pili, mwongoza njia na maji, vitu vinavyonunuliwa Nairobi kwa hela tuliyotoa. Kesho yake nikatolewa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na wenzangu wanne. Leo nimeona anatangaza safari ya Agosti, njia ile ile, kwa picha walizopiga abiria wenzangu kabla hatujazama.

Uliyelipa kianzio cha Agosti, nakuomba umpigie leo. Usimuulize tutaona nini. Muulize magari mangapi, na uyaone kwa macho kabla ya kumalizia malipo. Inama uangalie tairi za akiba, ubavu na mwaka wake. Muulize lita ngapi kwa mtu kwa siku na zimebebwa kwenye nini, nani mwenyeji anayeongoza na umpigie huyo mwenyeji mwenyewe. Muulize siku ya ziada iko wapi kwenye ratiba, kwa sababu alihesabu kilomita 60 kwa saa mahali ambapo 30 ni mwendo mzuri. Akikujibu kwamba huko ni oasisi, dai hela yako hapo hapo.

Wenzangu watano tumekubaliana kupeleka malalamiko rasmi, na aliyewahi kufanya hivyo kwa safari kama hii anielekeze alianzia wapi.

Na ombi la mwisho. Yule mama alitulazimisha tuondoke na mtungi wake, akisema yeye kisima hakiko mbali. Uko hapa jikoni kwangu, wa njano, lita kumi, mpini umefungwa kitambaa chekundu. Yule kijana alinitajia duka la North Horr ambako nikiuacha utamfikia. Kama kuna mtu anaelekea huko mwezi huu, aniandikie. Nauli ya mzigo nitalipa, na kuna vitu vingine nataka kumwekea ndani.