Wenye maduka Mbeya, bunduki mnakabidhiana kaunta huku wateja tumejaa. Mnasubiri afe nani?

Wakuu, heshima kwenu.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za ujambazi. Sizungumzii jambazi hapa. Nazungumzia bunduki halali, ya mlinzi halali, inayolipiwa na mwenye duka kila mwezi, inayolipuka katikati ya wateja kwa sababu watu wawili wazima wameshindwa kupokezana kitu cha hatari kwa adabu.

Kwa msiokaa huku: ukianzia Kabwe, Mwanjelwa, Sido, Mafiati mpaka Uyole, kila duka lenye pesa ya maana lina mlinzi wa kampuni na bunduki mlangoni. Hardware, maduka ya jumla, mawakala wakubwa, sheli. Tunduma ndiyo hivyo hivyo. Chunya kwenye maduka ya kununulia dhahabu usiseme, bosi mwenyewe bastola kachomeka kiunoni bila mkoba wake, anainama kwenye mizani kitu kinaning'inia. Sina ugomvi na hilo la kuwa na silaha. Pesa zipo na wezi wapo. Ugomvi wangu ni saa kumi na mbili jioni.

Saa kumi na mbili ndiyo lindo linabadilishwa. Wa mchana anawaza daladala, wa usiku ndio kwanza anafika, kabuti mpaka magotini, kofia ya sufu, glavu nene, maana baridi la mwezi wa sita Mbeya mnalijua. Saa hiyo hiyo mafundi wametoka saiti, wanagombania vifaa vya kesho. Bunduki ni moja kwa walinzi wawili. Inatoka mkono huu inaingia mkono ule, pale pale kaunta, kwa sababu daftari la kukabidhiana lindo linakaa kaunta. Nendeni mkaangalie wenyewe leo jioni, duka lolote.

Sasa yaliyotokea Jumamosi. Duka silitaji, kampuni ya ulinzi siitaji, wao wanajijua na najua wanasoma humu.

Nilikuwa naokota elbo za bomba za nusu inchi kwenye boksi. Wa mchana ni kijana, wa usiku ni mzee wa makamo. Mzee akauliza, "Imo?" Kijana huku anasaini daftari, hata uso hajainua: "Hamna kitu baba, kavu hiyo." Mzee akaipokea, shotgun ya pampu akshoni, ile ya kukoki kwa mbao iliyo chini ya mtutu, akavuta ile mbao nyuma, akasukuma mbele, halafu akabonyeza triga. Ile ya kuonyesha kwamba kweli ni tupu. Kidole chenye glavu. Mtutu ukiwa umelala kuelekea kwenye ndoo za rangi za lita 20 zilizopangwa pembeni ya kaunta, na hatua mbili kutoka hapo kasimama mama ana mtoto mgongoni anauliza bei ya misumari ya bati.

Sijui kama mmewahi kusikia shotgun ya namba 12 ikilia ndani ya chumba chenye taili na dari la jipsamu. Huo mlio unavuka desibeli 150, wakati sikio linaanza kuumia kwa mlio wa ghafla kwenye 140. Kwa muda sikusikia chochote, naona midomo ya watu inachezacheza tu. Ndoo tatu za chini zimetoboka, rangi nyeupe inatiririka kwenye taili, watu wamelala ndani ya rangi. Goroli moja, zile punje zinazobebwa ndani ya risasi ya shotgun, ilidunda sakafuni ikamchana muundi kijana mmoja, kibarua wa fundi mwenzangu. Mama na mtoto Mungu aliwaficha, basi.

Mnajua keshia alifanya nini? Alifunga droo ya pesa kwa ufunguo. Halafu akaanza kupiga hesabu ya ndoo zilizoharibika.

Msimamizi wa kampuni alifika na pikipiki haraka kuliko nilivyotegemea. Hakumuuliza mtu hali. Aliichukua bunduki, akavuta ile mbao nyuma, ganda jekundu la risasi iliyolia likarukia chini ya stendi ya kufuli, akainama akaliokota, akalifuta rangi kwenye suruali yake, akatia mfukoni. Kisha ndio akamfuata yule kibarua: "Mdogo wangu, ukienda polisi kuchukua fomu ya PF3 utasumbuka bure, shika elfu thelathini ukafunge kidonda duka la dawa." Mwenye duka naye akasimama juu ya kiti akatutangazia kwamba ni bahati mbaya, bunduki ni ya zamani, tuendelee na manunuzi.

Hapo ndipo damu ilinichemka, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Bunduki haikuwa na tatizo lolote. Ilifanya kazi iliyotengenezewa, tena vizuri sana. Mimi nimepita JKT Mafinga, na kabla sijashika ufundi bomba nimeshika lindo miaka ya kutosha, kwa hiyo naomba nieleze kwa wasiojua, na hasa kwa wenye maduka ambao mnalipia kitu msichokijua.

Pampu akshoni ina sehemu mbili za kukaa risasi. Kuna chemba, pale nyuma ya mtutu, ambapo risasi inayosubiri kupigwa inakaa. Na kuna lile bomba la chini ya mtutu, ndiyo ghala lake, risasi zinapangana humo moja nyuma ya nyingine. Kijana aliposema kavu, alikuwa anasema kweli: chemba ilikuwa tupu. Lakini bomba lilikuwa na risasi zake. Mzee alipovuta na kusukuma ile mbao alidhani anakagua, kumbe kaitoa risasi ghalani kaipandisha chemba. Triga ikamalizia. Yaani ule ukaguzi wenyewe ndio uliojaza bunduki. Wote wawili hawakuwa na nia mbaya na wote wawili hakuna aliyewahi kukalishwa chini akaonyeshwa kitu hiki mara ya pili tangu atoke mgambo.

Kukagua pampu ni kubonyeza kile kitufe kidogo karibu na kinga ya triga, kuifungua ikae wazi, kuangalia chemba kwa macho na kuingiza kidole kabisa, kisha kuingiza kidole kwenye mdomo wa bomba mpaka uguse kile kifuniko cha springi. Usiku unatumia kidole maana macho yanadanganya. Glavu unavua. Ukimaliza unaikabidhi ikiwa IMEFUNGUKA, anayepokea anakagua upya hata kama amekuona ukikagua. Kidole hakigusi triga kwa sababu yoyote ile katika zoezi hili lote. Bastola nayo ina mtego wa namna yake: watu wanachomoa magazini, kile kibweta cha risasi, wanasema tupu, na risasi iliyo chemba imebaki inawatazama. Na ukikoki kwanza kabla ya kuchomoa magazini, unatoa moja unaingiza nyingine. Magazini kwanza, kukoki baadaye, halafu macho na kidole.

Na sefti, kile kitufe cha usalama, msiitegemee. Kwenye shotgun nyingi ile sefti inafunga triga tu. Haizuii nyundo iliyo ndani kushtuka bunduki ikianguka kwenye sakafu ya saruji. Zile za kukunja za mtutu mmoja, zenye nyundo ya nje, ndiyo kabisa: nyingi za zamani nyundo ikiwa imelalia pini, kigongo kimoja tu kinatosha. Na huku kwetu nimeona zimefungwa mkanda wa mpira wa baiskeli, zimeegeshwa ukutani nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani!

Sheria za kushika silaha siyo siri ya jeshi. Afande wetu alikuwa anatuimbisha alfajiri tukiwa tunatetemeka, na huko Marekani Jeff Cooper, aliyekuwa ofisa wa Marine, alishazipanga zikawa nne ambazo zinafundishwa mahali pengi mpaka leo: kila bunduki ihesabu ina risasi, mdomo wa mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu, kidole nje ya triga mpaka umeamua kupiga, na ujue unachokilenga na kilicho nyuma yake. Zote nne zilivunjwa mbele ya kaunta ile ndani ya pumzi moja. Hata ikivunjwa tatu, ile ya mtutu peke yake ingemwokoa yule kibarua.

Wakubwa nao wameungua kwa kosa hili hili. Oktoba 2021, New Mexico, mpiga picha za filamu Halyna Hutchins aliuawa kwenye eneo la kurekodia na bastola iliyokabidhiwa kwa tamko kwamba haina risasi ya moto. Wana pesa, wana mtu maalumu wa kutunza silaha, na bado neno la mdomo likachukuliwa kama ukaguzi. Yule msimamizi wa silaha alihukumiwa miezi 18 jela mwaka 2024. Hakuna aliyepanda kwenye kiti akasema bahati mbaya tuendelee.

Najua kuna mtu anakuja kusema "mlinzi analipwa nini hadi umdai yote hayo". Ndugu yangu, hilo nakubaliana nawe asilimia mia. Mzee wa watu anaunga zamu, mchana anapalilia viazi kwake Umalila, usiku yuko lindoni, mshahara unachelewa, halafu kapewa bunduki ambayo hajawahi kupiga nayo hata risasi moja shabaha. Ndiyo maana hasira yangu haimwendei yeye. Jumatatu nimesikia kafukuzwa. Kampuni imemfukuza mtu, imebaki na utaratibu uleule, na mwingine kaletwa kashika bunduki ile ile. Hivi nyie mnaona hapo kuna kitu kimetengenezwa?

Kitu kinachotakiwa hakina gharama ya kutisha. Pipa moja la mchanga, liwekwe uani, siyo dukani. Vituo na malindo yenye akili duniani kote wanafanya hivyo: kuingiza na kutoa risasi ni huko, mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye mchanga, ili hata ikilia imeliwa na mchanga. Hardware inauza pipa! Mchanga umemwagwa nje hapo hapo! Daftari la lindo lihamie huko uani. Na chemba iwe tupu muda wote mlinzi akiwa mlangoni, maana kuipandisha risasi siku jambazi akija ni kitendo cha sekunde, hakuna haja ya kuzunguka nayo katikati ya watoto ikiwa tayari.

Kuna mwingine atasema shotgun ya duka haina madhara makubwa, ni goroli tu. Kaka, risasi ya namba 12 ya goroli kubwa kwa kawaida inabeba kama tisa, kila moja ina upana wa zaidi ya milimita 8. Kwa umbali wa kaunta hazijatawanyika bado. Zinaingia pamoja.

Halafu sheria ipo. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na duka ni mahali pa kazi, bosi usijidai unafanya biashara ya mifugo porini. Na mtu akifa, Kanuni ya Adhabu inalo kosa la kuua bila kukusudia, adhabu inafika mpaka kifungo cha maisha. Mlinzi akiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mteja aliyekuja kununua misumari hana mfuko wowote, ana elfu thelathini ya msimamizi.

NYONGEZA: Nimeona PM za watu wa Iringa na Makambako wanasema kwao ni hivyo hivyo, mmoja anasema kwao bastola ya bosi inakaa droo moja na risiti na mtoto wa duka ndiye anayefungua droo. Leteni hapa hapa uzini, msinitumie pembeni.

Yule kibarua aliyeumia tumempeleka kituoni, PF3 kachukua, na kidonda kimeshonwa. Hela ya msimamizi kairudisha mbele ya mashahidi. Maelezo tumeandika watu watatu, yule mama amekubali kuwa wa nne akishamaliza mavuno. Swali kwa wanasheria na askari mliomo humu: ganda limechukuliwa na mtu wa kampuni, ndoo zilizotoboka zimeshatupwa, lakini goroli mbili nimeziona zimezama ukutani nyuma ya shelfu ya rangi na picha nimepiga. Wameshaleta fundi wa kupiga plasta. Je, naweza kumwomba mpelelezi aje azichomoe kabla plasta haijapigwa, au lazima kwanza jalada lifunguliwe? Naomba majibu ya leo, siyo ya wiki ijayo.